Kikaushio cha Jua Huhitaji Upepo

Vikaushio vingi vya jua vinavyojengwa mashambani hupata joto vizuri na kukausha vibaya. Sanduku limepakwa rangi nyeusi ndani, limefunikwa nailoni, na mchana ukiingiza mkono unautoa mbio. Hata hivyo maembe yaliyomo yanatoka jasho, matone yananing'inia ndani ya nailoni, na baada ya siku chache kuvu inaota. Hewa imepata joto lakini haina pa kutokea.

Hewa ya nyuzijoto 25 yenye unyevuanga wa asilimia 80 inakaribia kushiba maji. Ipashe joto hadi nyuzi 45 bila kuiongezea maji, na unyevuanga wake utashuka hadi asilimia 26 hivi. Sasa ina kiu. Ikipita kwenye mazao itanyonya maji, itapoa na kushiba tena. Hapo sharti itoke ipishe nyingine.

Tupige hesabu ya mahindi. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20, ili zishuke hadi asilimia 13, lazima zipoteze kilo 8 za maji. Kilo moja ya maji hutaka takriban megajuli 2.4 ili igeuke mvuke, kwa hiyo tunahitaji megajuli 19 au zaidi kidogo. Siku ya jua zuri, mita moja ya mraba hupokea megajuli 18. Lakini kipasha hewa cha kawaida hukamata chini ya nusu ya joto hilo, na sehemu ya kilichokamatwa hutoka na hewa kabla haijafanya kazi. Kwa makadirio yangu, gunia moja kwa siku linataka mita za mraba 5 au zaidi. Mkulima anayeuziwa sanduku la mita moja na kuahidiwa gunia kwa siku anadanganywa, na jambo hili linaniudhi, maana fedha anazotoa ni za ada na mbegu.

Muundo ninaouheshimu zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, ambako Werner Mühlbauer na wenzake waliusanifu miaka ya 1980 na kuujaribu kwa zabibu huko Ugiriki. Ni handaki la nailoni lenye upana wa mita 2 hivi na urefu unaokaribia mita 20. Nusu ya kwanza ina sakafu nyeusi inayopasha hewa. Nusu ya pili ina wavu ambao mazao hutandazwa juu yake kwa tabaka jembamba. Feni ndogo mwanzoni mwa handaki husukuma hewa kuelekea upande wa pili.

Ubora wake hasa uko kwenye matoleo ambayo feni hizo huendeshwa na paneli ya sola. Jua likiwa kali, feni huzunguka kasi na hewa nyingi hupita, hivyo mazao hayaungui. Wingu likitanda, feni hupunguza mwendo na hewa iliyopo hupata muda wa kupashwa. Joto linajirekebisha bila kifaa chochote cha kulipima. Kwa mahindi ya mbegu, yanayoweza kufa joto likizidi nyuzi 43 au karibu na hapo, hilo ni jambo kubwa, ingawa kipimajoto bado kinahitajika.

Tatizo ni tabaka hilo jembamba. Pilipili, nyanya na maembe yanalifaa. Magunia hamsini ya mahindi hayaenei. Na mahindi ndiyo yenye hatari kubwa: mwaka 2004, sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi yalikuwa chanzo kikuu.

Kwa wingi huo ningetazama Uswisi, ambako wafugaji hukausha majani ya mifugo kwa hewa inayovutwa chini ya paa la ghala. Mabati ya rangi nyeusi, mbao zilizopigiliwa chini yake na kuacha nafasi ya hewa, feni kubwa, kisha sakafu yenye matundu chini ya mahindi. Ghala lenye paa la mita za mraba 60 likifungwa hivyo lina eneo la kukausha magunia kumi au zaidi kwa siku ya jua, mradi pawe na umeme wa kuendesha feni.