Kiini cha Yai na Picha Ndogo: Uhakiki wa Mbinu katika Uchoraji wa Sam Ntiro wa Machame

Wapo wahakiki wanaouita uchoraji wa Sam Joseph Ntiro (1923–1993), mzaliwa wa Machame, uchoraji “sahili”, na wengine huongeza “wa kitoto”. Sifa hiyo imebeba dharau. Inachukulia kwamba mchoraji aliyefunzwa na Margaret Trowell Makerere, kisha akasoma Slade mjini London, hakujua kutia kivuli wala kuunganisha rangi mbili pasipo mpaka kuonekana. Uhakiki huu unadai kwamba Ntiro amepimwa kwa kipimo kisicho chake, yaani kipimo cha picha kubwa ya rangi za mafuta. Picha ndogo ina kanuni zake, na kanuni hizo huonekana wazi zaidi katika mbinu kongwe ya rangi za kiini cha yai.

Mbinu hiyo ni ya subira. Kiini hutenganishwa na ute, huviringishwa kiganjani hadi kikauke, kisha utando wake hutobolewa na majimaji ya ndani hukingwa katika chombo. Huongezwa maji kidogo, halafu unga wa rangi uliosagwa. Ubao nao hutangulia kupakwa matabaka ya chaki na gundi ya wanyama, ukasuguliwa hadi uwe laini kama ganda la yai lenyewe. Ugumu huanza pale brashi inapogusa ubao, kwani rangi hukauka kwa sekunde chache tu. Mchoraji hawezi kuburuta rangi mbichi juu ya nyingine mbichi ili zichanganyike. Kila kivuli hujengwa kwa mistari myembamba, mmoja kando ya mwingine, tabaka juu ya tabaka. Akirudia mahali pamoja kabla tabaka la chini halijashika, hulibandua. Brashi hukamuliwa ibaki na unyevu tu, maana ikibeba maji mengi huacha tone linaloharibu kazi ya asubuhi nzima. Wachoraji wa Italia walijaza mbao kubwa za madhabahu kwa mbinu hii, lakini hata huko mkono ulikwenda kwa hatua za picha ndogo.

Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa uchoraji mnamo mwaka 1400 hivi, alishauri viini hafifu vya kuku wa mjini kwa nyuso za vijana, na viini vyekundu vya kuku wa shamba kwa nyuso za wazee. Msomaji wa Moshi anayejua tofauti ya yai la kienyeji na la kisasa hahitaji kufafanuliwa. Hata hivyo, manjano ya kiini hufifia kwa mwanga, hivyo tunaona ushauri huo una umaarufu kuliko manufaa.

Turejee kwa Ntiro. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi mbege usiku, imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York. Ukubwa wake ni takribani sentimita 41 kwa 51, kiasi cha sinia ya chai. Ni rangi ya mafuta juu ya turubai. Hatudai kwamba Ntiro alitumia yai, na hoja yetu haihitaji dai hilo. Tunachosema ni hiki: rangi ya mafuta huchelewa kukauka, kwa hiyo ilimpa ruhusa ya kufuta mipaka, naye hakuitumia. Katika picha ya kiasi hicho, mtu mzima ni mfupi kuliko kidole. Mipaka yake ikifutwa, mtu huyo anapotea. Aidha, kihamba hakina mandhari ya nyuma: mgomba, mkahawa, njia na mfereji vimesongamana, na kila kimoja kina mwenyewe. Hata umbali wa kule si wa ukungu daima. Anayesimama Machame asubuhi baada ya mvua huiona Kibo ikiwa na makali kama ya kisu.

Hapa lakini ulinganisho wetu unagonga mwamba. Rangi ya yai hukauka bila mng'ao wa mafuta, na weusi wake hauna kina. Usiku ndipo inaposhindwa. Picha ya mbege ni ya usiku. Yamkini mchoraji mwenye mkono wa mistari myembamba alihitaji mafuta kwa ajili ya giza peke yake, na kama ni hivyo, basi ile dhana kwamba hakuelewa uwezo wa rangi za mafuta inazidi kukosa msingi. Elimo Njau, mwana wa Marangu, alichagua njia nyingine: mwaka 1959 alichora maisha ya Kristo katika kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, ambako mwili wa mtu una nafasi ya kubeba kivuli. Mtahini anayedai kivuli cha namna hiyo katika sentimita 41 anadai kitu ambacho mkono uliomchora mtu wa urefu wa kidole ulikwisha kukipima na kukikataa.