Gari Linachemsha: Jinsi ya Kumtambua Fundi

Ngokolo, mjini Shinyanga, hukosi mtu wa kukufungulia boneti. Kazi ni kujua yupi ni fundi na yupi ana spana tu. Gari linalochemsha hukutengea hao wawili mapema, kwa kuwa sababu zake ni nyingi na dalili ni ileile: taa nyekundu yenye alama ya kipimajoto, au mshale uliopanda hadi H. Mbabaishaji huhangaika na taa, fundi hutafuta kilichoiwasha.

Wajibu wa kwanza ni wako dereva. Taa ikiwaka, egesha pembeni, zima AC, kisha zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta mpaka uweze kuishika hosi ya juu kwa mkono mtupu bila kuungua. Usimimine maji ya baridi kwenye injini yenye moto, maana hedi ya alumini inaweza kupinda au kupasuka. Na mshale ukishuka ghafla huku mvuke unafuka, usifurahi: huenda maji yameisha na sensa imebaki hewani.

Sikiliza maswali yake

Fundi mzuri huanza kwa mdomo. "Linachemsha likiwa limesimama au likiwa kwenye mwendo, bosi?" Jibu lako linampunguzia nusu ya kazi. Gari linalochemsha stendi na kupoa likishika lami ya Tinde humpeleka kwenye feni: mota, relei, fyuzi au sensa. Linalochemsha kwa mwendo mkali au likiwa na mzigo humpeleka kwenye rejeta iliyoziba au wota pampu iliyochoka.

Atauliza pia unaongeza maji mara ngapi, na maji gani. Shinyanga hilo si swali la kupoteza muda. Maji ya chumvi ya visimani huacha magaga ndani ya vijia vya rejeta. Tangu 2009 mamlaka ya maji ya KASHWASA inatuletea maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, na hayo ni afadhali, lakini kinachozuia kutu ni kulanti. Anayekujazia maji ya kisima na kukuaga, muage na wewe moja kwa moja.

Angalia anaanza kutazama wapi

Kabla ya kufungua nati, fundi huinama. Anatafuta madoa ya kulanti iliyokauka kwenye maungio ya hosi na chini ya wota pampu, anabonyeza mkanda, anamulika tochi kati ya kondensa ya AC na rejeta. Hapo ndipo vumbi la njia za machimboni, nyasi na nyuzi za pamba hujificha. Akipuliza kwa kompresa, hupuliza kutoka upande wa injini kwenda nje, tena kwa upepo wa kiasi asilaze mapezi ya rejeta.

Kifuniko cha rejeta nacho hukikagua. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 au 1.1 hubana presha na kupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 120. Mpira wake ukikatika, maji hutoka mapema na gari huchemsha hata kama vingine vyote ni vizima.

Mtihani wa thamostati

Hapa ndipo wengi huanguka. Hosi ya juu ikiwa ya moto na ya chini ya baridi, thamostati inashukiwa kukwama, ingawa rejeta iliyoziba huleta dalili hiyohiyo. Mbabaishaji atakwambia, "Tuitoe tu, huku kwetu joto, haina kazi." Ina kazi. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake, kompyuta huongeza mafuta, na tangi huisha haraka. Tena katika injini nyingi thamostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huendelea kuchemsha.

Fundi wa kweli huitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Yenye namba 82 inatakiwa ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo, kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, anakuagiza mpya yenye namba ileile.

Neno "gasketi" lisikutishe

Ukiambiwa gasketi ya hedi imeungua, omba ushahidi. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi. Moshi mweupe usiokatika ni ushahidi. Mapovu yanayopanda mfululizo kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwashwa ingali ya baridi, nayo ni ushahidi. Hedi ikishushwa, lazima ipimwe kwa rula ya chuma kama imepinda, na bolti zirudishwe kwa spana ya toki, kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayekaza kwa nguvu za mkono atakuona tena.

Kabla ya kulipa

Kazi haiishi kwa kujaza maji. Hewa iliyonasa ndani itolewe: hita iwekwe kwenye joto, injini ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yakome. Kisha kifuniko kifungwe na msubiri wote feni iwake na kuzima yenyewe, zaidi ya mara moja. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kagua kiwango cha maji.

Mwisho, dai kifaa kilichotolewa na mwambie akuonyeshe ubovu wake. Fundi asiyeweza kukueleza kwa nini gari lilichemsha hajamaliza kazi, hata kama taa imezimika.