"Mbu Wako Anaumwa Nini?": Maoni juu ya Mzaha wa Dawa na Mafuta Mjini Morogoro

Katika maduka ya rejareja ya mji wa Morogoro, ambako watu wa Mgeta, Matombo na Kinole hushuka kutoka mlimani kununua mahitaji yao, pana mzaha ambao wauzaji wengi wanaujua. Mnunuzi aingia na kusema, "Nipe dawa ya mbu." Mwenye duka amtazama kwa uso mzito kama wa mganga, kisha amwuliza, "Mbu wako anaumwa nini?" Mnunuzi aliye mwenyeji hakosi jibu: "Hapati usingizi usiku, na mimi sipati." Watu waliomo dukani hucheka, kopo hutolewa, fedha hulipwa, na kila mtu hushika njia yake.

Nimewasikia walimu wa lugha, tena waliosoma sana, wakiutumia mzaha huu kama ushahidi wa upungufu wa Kiswahili. Husema kwamba lugha iitayo kwa jina moja kitu kiponyacho na kitu kiuacho haijakomaa. Katika makala haya nataka kuipinga hoja hiyo. Kisha nitaonyesha kwamba hatari ya kweli ipo, lakini haiko pale wanapoitafuta.

Kwanza, mzaha wenyewe yafaa usomwe mzima. Uluguru ni nchi ya utani. James Christensen aliandika juu ya utani wa Waluguru mwaka 1963, na hata leo mtu akaaye Morogoro hahitaji kitabu ili ajue kwamba neno la mtani hudai jibu. Swali la mwenye duka ni nusu tu ya mzaha. Nusu ya pili imo kinywani mwa mnunuzi. Anayelihukumu swali peke yake, akalisahau jibu, ni kama mtu asikiaye kitendawili akaondoka kabla hakijateguliwa. Na jibu la mnunuzi laonyesha kwamba hakuchanganyikiwa hata kidogo. Amezielewa maana zote mbili kwa mara moja, akachagua ile isiyotarajiwa.

Maana hizo mbili zatoka wapi? Hazitoki katika neno "dawa", bali katika kiungo kidogo "ya". Tusemapo dawa ya meno, dawa ya macho au dawa ya viatu, jina linalofuata ni la kitu tunachokitunza. Tusemapo dawa ya kikohozi, dawa ya minyoo au dawa ya panya, jina linalofuata ni la adha tunayotaka kuiondoa. Tena ipo namna ya tatu, dawa ya usingizi, ambayo huleta kile kilichotajwa. Msikilizaji haambiwi ni namna ipi. Huijua kwa sababu ajua meno ni nini na panya ni nini. Mwenye duka hafanyi ila jambo moja: amtoa mbu katika kundi la panya, na kumweka katika kundi la meno. Mnunuzi naye, kwa jibu lake, amkaribisha mbu huyo kwenye dawa ya usingizi. Kwa hiyo maneno mawili matatu ya dukani yamepita katika namna zote tatu za uhusiano, jambo ambalo mwanafunzi wa sarufi huhitaji somo zima kulieleza.

Wala si kweli kwamba maana ya kuua imelivamia neno "dawa" kwa sababu ya makopo ya kisasa. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na dawa ya deni ni kulipa. Katika methali hizo dawa si kitu cha kuponya mwili. Ni kitu chochote kikomeshacho shida. Dawa ya mbu yafuata njia hiyo hiyo. Wala Kiswahili hakiko peke yake. Wayunani wa kale waliita dawa na sumu kwa neno moja, pharmakon, na sijamsikia mtu akisema kwamba lugha ya Plato haikukomaa.

Neno "mafuta" lina mzaha wa namna hiyo hiyo, lakini nauona kuwa dhaifu zaidi. Mafuta ya nazi na ya alizeti hutajwa kwa asili yake. Mafuta ya taa, ya breki na ya cherehani hutajwa kwa kazi yake. Mtoto atumwapo kununua mafuta ya cherehani, ambayo pengine yatatiwa katika kufuli lenye kutu na wala hakuna cherehani nyumbani, mwenye duka aweza kumwambia, "Ngoja, cherehani bado haijakamuliwa." Umbo ni lile lile: cherehani imehamishwa kutoka kundi la taa hadi kundi la alizeti. Walakini mtoto hana la kujibu, na maana hizo mbili hazipingani, zatofautiana tu. Mbu ama ni mgonjwa ama ni adui, na kicheko chake chatoka katika umbali huo.

Watengenezaji wengine wamelikwepa neno "dawa" kabisa. Ipo dawa ya kupuliza iitwayo Rungu, na jina hilo latangaza waziwazi kazi ya kilichomo. Bila shaka nalo limezaa mzaha, kwani ni nani amwendeaye mbu mmoja kwa rungu? Lakini hapa sarufi yenyewe huweka mpaka. Rungu la mti "limevunjika". Rungu ya kopo "imekwisha". Kwa kuwa majina ya bidhaa kwa kawaida huchukua upatanisho wa I-, mtu aweza kutofautisha silaha na kopo kwa silabi moja. Neno "dawa" halina mpaka huo, kwani dawa ya kunywa na dawa ya kuua zote ni "ya".

Sasa twaingia katika hatari yenyewe. Katika miteremko ya Uluguru wakulima hulima nyanya, kabichi na mboga nyinginezo, nao hubeba mgongoni bomba la kupulizia. Kile wakipulizacho hukiita dawa ya nyanya au dawa ya kabichi. Hebu tuyapime majina hayo kwa kanuni tuliyoitaja. Nyanya si adha. Ni kitu kitunzwacho. Kwa hiyo dawa ya nyanya hukaa katika sikio pamoja na dawa ya macho na dawa ya meno, upande wa malezi, na wadudu wanaouawa hawatajwi. Sumu imevaa joho la tabibu, na safari hii hakuna anayecheka, kwa kuwa hakuna aliyeona kosa. Dawa hiyo ikiletwa nyumbani kuua kunguni, au chupa yake ikioshwa na kutiwa maji ya kunywa, jina lake halimwonyi mtu. Na milima hiyo ndiyo inayouanzisha mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam hunywa maji yake.

Wataalamu wa istilahi wameliona jambo hili. Wametupa kiuadudu, kiuagugu na kiuatilifu, na neno hili la mwisho limo katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kwa umbo, maneno haya ni mema. Yamejengwa kama kifungua kinywa na kifungua mimba, kitenzi kikitangulia na jina kikilifuata, hata isiwezekane kukosea nani aua na nani auawa. Upungufu wao ni mmoja: hukaa katika kibandiko na katika hotuba, wala hayashuki mpaka kwenye meza ya duka. Shauri langu ni kwamba kibandiko kisimlazimishe mkulima aliache neno lake, bali kiliongezee kitenzi: dawa ya kuua wadudu wa nyanya. Neno moja, "kuua", latosha kuirudisha sumu mahali pake.

Na juu ya hilo, namwomba mwenye duka asiuache mzaha wake. Mtu akija kutaka dawa ya nyanya, na amwulize, "Nyanya zako zinaumwa nini?" Hilo ndilo swali ambalo bwana shamba yeyote, pamoja na wale waliofundishwa chini ya milima hiyo hiyo katika Chuo Kikuu cha Sokoine tangu mwaka 1984, hulianza nalo: ni wadudu, ni ukungu, au ni kiu tu? Likiulizwa kwa mbu ni kichekesho. Likiulizwa kwa nyanya ni elimu, na huenda mkulima akarudi nyumbani bila sumu yoyote, akiwa ameshauriwa kumwagilia maji.