Uhakiki wa Uzalishaji wa Violesura vyenye Aina kutoka katika Serialaiza Zilizopachikwa

Sehemu hii inahakiki mkabala wa kuzalisha violesura vya TypeScript kutoka katika serialaiza za Django REST Framework, yaani klasi zinazogeuza rekodi za hifadhidata kuwa JSON. Hoja ya mtafiti ni kwamba mkabala huu huaminika pale tu serialaiza inapotamka inachokifanya. Inapotenda bila kutamka, kiolesura hudai umbo ambalo data haina.

Ubora wake hauna budi kukiriwa kwanza. Tuchukue ankara iliyobeba orodha ya malipo ndani yake. Kiasi kilichotangazwa kuwa DecimalField hutumwa, kwa chaguo-msingi, kama matini na si namba. Msanidi anayeandika kiolesura kwa mkono huelekea kuandika namba, kivinjari kikijumlisha "500.00" na "250.00" hupata "500.00250.00". Zana ya drf-spectacular, inayosoma serialaiza na kutoa maelezo ya OpenAPI, hutamka kuwa ni matini, na TypeScript hukataa jumla hiyo kupewa kigezo cha namba. Faida hii peke yake inahalalisha uzalishaji.

Tatizo liko ndani zaidi. SerializerMethodField hupata thamani kwa kuita mbinu ya Python. Mbinu hiyo isipoandikiwa aina inayorejeshwa, drf-spectacular hutoa onyo na kuichukulia kuwa matini. Ikiwa inarejesha matokeo ya serialaiza nyingine, jambo la kawaida mno katika mifumo iliyokua kwa viraka, tawi zima la data hutoweka katika kiolesura. Onyo hubaki katika kumbukumbu ambazo, tuseme ukweli, ni wachache wazisomao. Kubadilisha to_representation ni hatari zaidi: hata onyo halitoki.

Upande wa kuandika, malipo husomwa yakiwa na mlipaji kamili lakini huandikwa kwa kitambulisho chake tu. Mpangilio wa COMPONENT_SPLIT_REQUEST hutenganisha maumbo hayo mawili, ila kwa chaguo-msingi umezimwa.

Mtafiti hakubaliani na rai ya kurejea uandishi wa mkono. Chaguo la --fail-on-warn hugeuza onyo kuwa kizuizi. Kwa to_representation halisaidii. Huko hapana budi kuandika majaribio yanayolinganisha JSON inayotoka katika seva na maelezo ya OpenAPI, kwa kuwa TypeScript yenyewe hufuta aina zake kabla programu haijaendeshwa.