Uso wa Sarafu na Sauti ya Mhusika: Tahakiki ya Ukumbusho wa Utotoni Kutoka Likasi

1.0 Utangulizi

Sarafu ya ukumbusho ni matini kama matini nyingine. Ina maneno machache na picha, ina upande wa mamlaka na upande wa kinachokumbukwa, nayo ina hadhira yake maalumu: mkusanyaji ambaye hatainunulia mkate hata kama sheria inamruhusu. Katika karne hii ya 21, viwanda vya sarafu vya Ulaya vimewapa wahusika wa vitabu na televisheni ya watoto nafasi iliyozoeleka kuwa ya wafalme. Ubelgiji ilimtoa Tintin mwaka 2004 katika sarafu ya fedha ya yuro 10, na Smurfs mwaka 2018 katika sarafu ya yuro 5. Uingereza ilimtoa dubu Paddington katika peni 50 mwaka 2018. Anayelengwa zaidi na sarafu hizi ni mtu mzima, na anachouziwa ni utoto wake mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuhoji: ni utoto wa nani unaokumbukwa? Mahali pafaapo kuuliza swali hilo ni Likasi, mji wa Katanga ulioitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, ambako shaba imesafishwa katika kiwanda cha Shituru tangu mwaka 1929.

2.0 Madini yenye kumbukumbu

Katanga haikufundishwa na mgeni kwamba chuma chaweza kubeba thamani. Karne nyingi kabla ya ukoloni, mafundi wake waliyeyusha mawe ya kijani na kumimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha, na mingine ilizikwa pamoja na wafu katika bonde la Upemba. Serikali ya Katanga iliyojitenga na Kongo Julai 1960 ilipotoa sarafu zake za faranga 1 na 5 mwaka 1961, ilichora upande mmoja ndizi na upande wa pili msalaba huo wa shaba.

Kwa upande wa fani, ni sarafu iliyofanikiwa: fedha inaikumbuka fedha iliyoitangulia, nayo inasomeka bila kamusi. Kwa upande wa maudhui, imejaa kinaya. Dola iliyojitambulisha kwa kazi ya mafundi wa kale iliendeshwa kwa kodi ya kampuni kubwa ya madini ya Wabelgiji, nayo ilikwisha Januari 1963. Hapa yadhihirika kanuni ya kwanza ya sarafu za ukumbusho: anayechagua cha kukumbukwa si lazima awe ndiye mwenye kumbukumbu.

Kanuni hiyo ilithibitishwa tena na makuta 5 ya mwaka 1967 yaliyobeba uso wa Mobutu. Baadaye uso huohuo ulionekana katika televisheni ya taifa ukishuka kutoka mawinguni kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Kwa hiyo, aliyekulia Likasi miaka hiyo, akiulizwa ni mhusika gani wa televisheni aliyepata kumwona katika sarafu, ana jibu ambalo mkusanyaji wa Ulaya hawezi kulitarajia. Jibu hilo lachekesha, lakini pia lahuzunisha: alama hiyo haikuchaguliwa na mtoto, bali alishurutishwa kuishi nayo.

3.0 Wahusika wawili

Tintin ndiye mfano unaoihusu Kongo kwa karibu zaidi. Sarafu ya mwaka 2004 ilisherehekea miaka 75 tangu azaliwe gazetini mwaka 1929. Safari yake ya Kongo ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1930 na 1931, na ilifika mahakamani Brussels mwaka 2007 kwa shitaka la Mkongo, Bienvenu Mbutu Mondondo, lililokataliwa mwaka 2012. Ubishi huo ulihusu zaidi picha. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha hana budi kutazama mazungumzo pia. Wakongo wa kitabu hicho wamepewa Kifaransa kilichovunjika. Hawasemi wanachofikiri; wanasema alichofikiri mchoraji kwamba wangesema. Sarafu, kwa kuwa haina sauti, inakiacha nje kilema hicho na kubakiza uso wa kijana mchangamfu na mbwa wake. Usahaulifu huo ndio sehemu ya utamu wake.

Mlinganisheni na Mufwankolo. Kundi la maigizo lenye jina hilo lilipata umaarufu mkubwa kwa vichekesho vya redio na televisheni kutoka Lubumbashi, vilivyoigizwa kwa Kiswahili cha Katanga, lugha ambayo ndiyo pia ya mitaa ya Likasi. Johannes Fabian alifanya utafiti pamoja na kundi hilo mwaka 1986 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1990. Alionyesha kwamba waigizaji hawakukariri mswada uliokamilika; mchezo ulijengwa kwa kujadiliana na kubuni papo kwa papo. Vichekesho hivyo havikutungwa kwa ajili ya watoto pekee, lakini kichekesho cha nyumbani hakimfukuzi mtoto chumbani. Humo watu wa Katanga wanagombana, wanadanganya, wanaonya na kucheka kwa lugha kamili isiyoomba radhi kwa Kiswahili sanifu wala kwa Kifaransa.

Je, Mufwankolo naye apigiwe sarafu? Wazo hilo lavutia, nalo lingekuwa heshima inayostahili. Lakini sarafu ingeuhifadhi uso na kuuacha ulimi. Tintin hapotezi mengi akigeuzwa kuwa picha, kwa kuwa alizaliwa picha. Mufwankolo akinyamazishwa hubaki nusu ya nafsi yake.

4.0 Hitimisho

Lugha ya Kiswahili yenyewe imekwisha kutoa fundisho. Fedha ni madini na ni pesa. Shaba ni madini, na kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 lilikuwa pia jina la mkoa mzima. Madini hayo yameondoka Likasi kwa wingi, na yakirudi, hurudi yakiwa na nyuso zilizochaguliwa kwingine. Mkusanyaji hastahili lawama kwa kupenda utoto wake. Anastahili, kinyume chake, kuigwa katika jambo moja: uangalifu. Yeye huifunga sarafu ndani ya kifuko kisichopitisha hewa, huandika mwaka wake, hutambua kila tofauti ya chapa. Kanda za sauti na picha zilizobeba Kiswahili cha Katanga huharibika upesi kuliko shaba, nazo hazina soko la kuzilinda. Uangalifu huohuo ukielekezwa kwenye kanda hizo, mtoto wa Likasi atapata ukumbusho ambao hakuna sarafu iwezayo kuutoa: atawasikia wazazi wake wakicheka.