Kuitambua Kle Nzuri ya Waifai

Kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika ofisini, kama zile za kuchapia barua na mitihani huko Baraka na Fizi, mara nyingi haina waifai ndani. Dawa yake ni kle ndogo ya USB, na intaneti yenyewe inatoka kwenye simu. Muuzaji atakuonyesha boksi lililoandikwa 150, 300, hata 600.

Namba hizo zisikubabaishe. Ni megabiti kwa sekunde za kwenye karatasi. Simu inayopokea 3G kijijini haiikaribii hata hiyo 150. Kinachotofautisha kle na kle ni chipu.

Chipu haionekani, ila mara nyingi hujitaja. Chomeka kle, fungua sehemu ya vifaa ambayo Windows ya Kifaransa huiita Gestionnaire de périphériques, kisha kwenye sifa za kle utazame herufi zinazofuata VID, yaani namba ya mtengenezaji. 0BDA ni Realtek, 148F ni Ralink, 0CF3 ni Atheros. Mimi naipenda AR9271 ya Atheros: ya zamani, haina mbio, lakini ikishika mtandao haiachii ovyo. TP-Link waliiweka kwenye TL-WN722N toleo la kwanza. Kuanzia toleo la pili wakatia Realtek, jina likabaki lilelile. Kwa hiyo soma lebo, V1 au V2, kabla ya kutoa dola zako. RTL8188 ya Realtek nayo si mbaya kwa kazi za kila siku.

Antena ndefu si ushahidi wa kitu. Ndani yake mara nyingi mna kipande kifupi cha waya. Hata hivyo, kle fupi kama ukucha naikataa kabisa ikiwa simu iko chumba kingine, nyuma ya ukuta wa matofali. Ya bendi mbili nayo haikufaidii kitu kama simu yako inagawa kwa 2.4 GHz tu.

Uliza draiva mapema. Kisidii cha kwenye boksi hakisaidii mashine isiyo na mahali pa kukitia, na kupakua kunataka intaneti ambayo bado huna. Unganisha simu ya Android kwa kebo yake, ruhusu kugawa intaneti kwa USB, upakue. (Na kama simu inapata mtandao palepale mezani, kebo hiyo inatosha, kle ya nini? Kle ni ya yule ambaye simu yake lazima ikae dirishani ndipo ipate mtandao.)

Kipimo changu hakili hata megabaiti moja ya forfé. Zima data ya simu, washa kugawa kwa waifai, unganisha kompyuta, kisha kwenye kompyuta hiyo andika ping 192.168.43.1 -t, anwani ya simu nyingi za Android za zamani. Kwa simu nyingine, ipconfig itakuonyesha. Iache nusu saa. Majibu yakirudi chini ya milisekunde 10 bila kukatika, kle ni nzima. Yakiruka hadi mia kadhaa, au yakipotea kle inapopata moto, mrudishie mwenyewe.

Ila ipime mahali pa haki. Nyuma ya kompyuta, bati la kasha huziba mawimbi, na tundu za buluu za USB 3.0 huleta kelele kwenye 2.4 GHz. Kati ya kle ya bei kubwa iliyojificha huko nyuma na ya kawaida iliyoning'inia kwenye waya wa kurefusha USB wa mita moja, nunua ya kawaida, na waya wake.