Siri ya Mtungi na Gulio la Lyulilo: Kigezo cha Kupima Tamthilia ya Mapenzi na Utu Uzima

Methali "siri ya mtungi aijuaye kata" ndiyo iliyoipa jina tamthilia ya runinga Siri ya Mtungi, iliyotayarishwa na Media for Development International na kuanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2012. Kwa kuwa ilikusudiwa pia kueneza elimu ya afya, ni rahisi kuiona kama tangazo refu la uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Makala haya yanadai kuwa jina lake lenyewe linatoa kigezo cha haki zaidi cha kuipima.

Kigezo hicho kinaonekana wazi Lyulilo, wilayani Kyela, katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Kwenye gulio la Jumamosi huuzwa vyungu na mitungi iliyofinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi. Mnunuzi anaweza kuugonga mtungi kwa kidole asikie kama una ufa. Lakini kama unapoza maji, au unayatia ladha ya udongo, atajua nyumbani, kata ikishaingia na kutoka mara nyingi. Hivyo methali haihusu usiri pekee, bali pia ujuzi unaopatikana kwa kuishi na kitu siku hadi siku.

Cheche, mpiga picha kijana wa Bagamoyo, amesimama kati ya ujuzi wa aina hizo mbili. Kazini hushughulika na sura ambayo mteja amechagua kuionyesha. Katika ndoa yake na Cheusi hakuna sura ya kuchagua: kuna riziki ya kutafutwa, tamaa, na aibu ya kukiri kosa mbele ya mwenzi. Tamthilia ni kweli inapomsawiri kuwa mume anayempenda mkewe na bado akamkosea, bila mapenzi kufuta kosa wala kosa kufuta mapenzi. Naye Mzee Kizito, mwenye wake zaidi ya mmoja, anadhihirisha kuwa umri na heshima ya mji havimwondolei mtu mtihani huo.

Udhaifu huingia pale mhusika anapozungumza kama mshauri wa zahanati. Si kwamba ushauri ni mbaya. Aghalabu mtu mzima anaujua tayari. Anachokikosa ni ujasiri wa kuutamka chumbani, kwa mtu atakayeumizwa nao. Ugumu huo hauwezi kuonyeshwa na bango. Tamthilia inaweza, kwa kuwa humpa mtazamaji muda wa kuishi na wahusika.

Kwa hiyo mhakiki anayeorodhesha ujumbe wa Siri ya Mtungi na kuishia hapo bado yuko gulioni, anagonga. Uhakiki wa tamthilia za runinga za Kiswahili unapaswa kuuliza pia wahusika wanaishije baada ya ujumbe kutamkwa.